Droo ya Tatu

Droo ya tatu ya meza yangu haifungi vizuri.
Lazima uinyanyue kidogo, kama mtoto aliyesinzia,
ndipo ikubali kurudi.
Humo ndimo simu hukaa.

Kila moja nimeivisha utepe, nikaandika kwa kalamu nyekundu
jina, kidato, na mahali ilipofichwa.
Hii ndani ya mkate.
Hii ndani ya Biblia iliyotobolewa tumbo
kuanzia Mambo ya Walawi hadi Zaburi.
Hii sitasema. Matroni alivaa glovu.

Ijumaa, baada ya gwaride, Bwana Kilonzi
huziweka juu ya jiwe la bendera.
Wanafunzi mia saba, na hakuna anayekohoa.
“Sheria ni msumeno,” husema,
na mkononi ana nyundo.

Usinielewe vibaya. Sijawahi kumpinga.
Ni mimi niliyechapa barua ya kumrudisha Gitonga nyumbani:
karo ya muhula mzima, jasho la shangazi yake wa Gikomba,
aliimaliza kwa kubashiri timu za miji
ambayo hata majina yake yanamshinda kutamka.
Ni mimi niliyemshika mkono yule wa kidato cha kwanza
picha yake ya bafuni ilipozunguka mabweni yote
kabla ya kengele ya chai.
Jina lake tulilikata kwenye rejista. Kwa rula, mstari ukanyooka.

Basi nyundo naijua.

Lakini Alhamisi ile, saa nane na robo,
garimoshi la mizigo lilikuwa likipita nyuma ya Makadara,
vioo vikitetemeka kama kawaida yake,
na lilipokwisha kupita
meza yangu iliendelea kutetemeka.

Kabambe ya vibonye, mgongo umefungwa kwa raba ya nywele.
Nafuna, Tatu Mashariki, soksi ya kushoto.
Kwenye kioo: MAMA DOHA.

Ikaita. Ikanyamaza. Ikaita.

Nikainyanyua droo.

“Nafu, sema haraka, madamu ameingia kuoga.”

Miaka kumi na mitatu napokea simu za shule hii.
Ninalo jibu la mzazi, la wizara,
la anayetudai pesa za maharagwe.
Hili sikuwa nalo.
Nikasema, “Yuko darasani, mama. Anasoma.”

Akacheka, kicheko kifupi
cha mtu aliyetua mzigo ili abadilishe bega.
“Mwache asome. Mwambie nimesikia.”
Amesikia nini, hakusema.
Kule kwake maji ya bafu yalikatika, naye akakatika nayo.

Kesho yake nilikabidhi simu kumi na tisa, kama kitabu kinavyoonyesha.
Sikuiba hata moja.
Nilitoa laini tu, kikaratasi hicho kisichozidi ukucha,
nikakitia ndani ya kiberiti.
Nyundo iliposhuka, Nafuna, mstari wa tatu,
aliinama akavuta soksi.

Jumamosi wazazi wakaja. Ajenda ya tano: simu.
Baba mmoja mwenye koti la kijani alisema dunia yote sasa imo humo,
mnawafungia watoto nje ya dunia.
Mama Mumbua akamjibu kwamba dunia hiyo
ilimla mwanawe wa kwanza hadi usingizi,
akaketi, akajifuta uso kwa leso.
Wote wawili walipigiwa makofi.
Mikono ikainuliwa, nikaihesabu mara mbili.
Karani hapigi kura.
Nikaandika “Mkutano ulikubaliana kwamba”
na wino ukaanza kukwama, au ni mimi.

Bwana Kilonzi akisoma haya, droo ni ya serikali,
ila kiberiti ni changu.

Alhamisi zikifika, kama saa nane na dakika kumi hivi,
namtuma kiranja amwite Nafuna
aje anisaidie kuhesabu chaki.

Chaki zetu, Mungu shahidi,
hakuna shule Nairobi nzima iliyozihesabu hivi.