Somo la Kidogo

Eulalia alitoka Peru, kiazi kilikozaliwa,
akaja Isyonje kuchunguza wajukuu wake.
Jioni, mikono ikinuka udongo,
aliingia jikoni kwangu na daftari.

Kwao, alisema, neno likitaka kukua
huota mkia: uzuri hurefuka nyuma,
baridi hurefuka nyuma, hata ukali wa pilipili.
Kwenu mkia uko wapi?
Hatuna mkia, nikamwambia, tuna koo.
Pale ni pale. Paaale, vaa viatu.
Na kuleee, sauti ikipanda, kidevu kikielekea Kitulo,
huko beba chakula.

Tukaanza na sana, maana sana ni mpole,
huingia kila nyumba bila kubisha hodi.
Mno nilimwonya: huyo keshavuka mpaka,
chumvi ikiwa mno, mboga humwagwa.
Kesho yake akamwambia mama mkwe wangu,
"Mama, wewe mkarimu mno,"
na mama mkwe akatazama sufuria
akapunguza tonge.

Alivyoyapenda yale yenye mwenzi mmoja!
Nyeusi tii. Kimya jii. Giza totoro.
Amelala fofofo, amelowa chapachapa.
Siwezi kusema nyeupe tii?
Nikasema, nyeupe ameolewa na pe,
hapa hatuvunji ndoa za watu.
Asubuhi ya Julai sakitu ilipolala shambani,
majani yote ya majaribio yameungua kwa baridi,
alisimama mlangoni, blanketi mabegani.
"Pe," akasema. Basi. Akalia.

Nikadhani amehitimu.

Kidogo sikumfundisha.
Niliona ni neno la kijiko tu:
sukari kidogo, sogea kidogo.
Jumatatu Nzowa, aliyemshikia mizani, hakuja kazini.
"Anaumwa kidogo," nikamwambia.
Akaandika, akaendelea kupima viazi.
Jumatano: "Amezidiwa kidogo."
Akanikazia macho: kuzidi na kidogo
vinalalaje kitanda kimoja?
Ijumaa: "Leo hajambo kidogo,"
na hiyo ilikuwa kweli, alimeza uji vijiko vitatu.
Jumapili turubai likafungwa uani kwa Nzowa.

Alinijia na daftari. Hakupaza sauti.
"Ulisema kidogo."
Nilisema.

Ningeanzia wapi? Kwamba ugonjwa mkubwa
tunauita kwa jina dogo
usije ukasikia unaitwa, ukageuka?
Kwamba asiyekula tangu juzi
hukwambia nimeonja kidogo asubuhi?
Mama yangu alizaa tisa akazika wanne,
na akiulizwa hali, "Tunasukuma kidogo,"
huku anafunga kanga upya.
Sikusema. Nilimshika mkono tukaenda msibani.

Wakampa kisu na ndoo.
Alimenya usiku kucha katikati ya wanawake,
viazi vilevile alivyokuwa akivipa namba,
maji ya baridi hadi kwenye viwiko,
vidole vimevimba, macho mekundu pyu.
Karibu na alfajiri mjane mwenyewe akamuuliza,
"Umechoka, mwanangu?"

Nilimwona akitafuta neno.
Ana sana, ana mno, ana kabisa,
ana mkia wa kwao pia.

"Kidogo," akasema.

Hakuna aliyemsahihisha.
Mjane akasogea kwenye mkeka,
akamfunika nusu ya blanketi.