Ubeti Nisioufuta

Shaame na buku lake,
raba mfukoni mwake,
mwani wetu aandike
kilo kilo, Tumbe pwani.

Bikombo kabeba roba,
ni thelathini na saba;
siku ya fedha ni raba
imeila, haioni.

Bikombo hajui soma;
hufunga, bila kusema,
kila kilo fundo jema,
ukambaa kibindoni.

Akautoa: "Hesabu!"
Shaame kampa jibu:
"Uzi hauna kitabu
wala saini, jamani."

Mimi Mize sina chenga,
mwani haujui mchanga,
naukung'uta kwa kanga
mara tatu, hadharani.

Miguu ndani ya chumvi,
nywele zimeota mvi,
kila malipo ugomvi,
na deni liko dukani.

Nahya karejea kwetu
toka Unguja, na kitu;
kasema: "Kitabu chetu
kikae kila simuni.

Kimoja, mikono mia;
ukifuta chako, pia
vyetu vitashuhudia
palipokuwa na nini.

Wasuka ukili, mama:
mwaa wa mbele huuma
ule ulio wa nyuma;
uchomoe, tazameni!"

Bikombo: "Haya mafundo
ndiyo yangu, ndio mwendo;
jina tu ndilo kishindo,
mwaliita blokicheni!"

Tukaandika mkataba:
mizani isome saba,
fedha ya saba, si haba,
ishuke papo mkononi.

Tajiri wake aweke
fedha mbele, ifungike;
si Shaame aishike,
ufunguo ni mizani.

Maneno kumi na mbili
ndiyo siri ya kufuli;
Bikombo kayahimili
kwa moyo, kama Yasini.

"Mtandao ukikata?
Simu chaji ikisita?
Nani wa kumtafuta
tukidhulumiwa, nani?"

Nahya kajibu mawili;
la tatu, akakubali
hana jawabu kamili,
katazama mchangani.

Siku ya kwanza, bamvua,
roba mizani zatua;
Shaame raba kainua,
sasa ifute ya nani?

Ya Bikombo ikalia,
kilo zote kutimia;
uzi akahesabia:
fundo na namba, wandani.

Naye Shaame mwishowe
kataka naye apewe
fungu lake, andikiwe;
naye kapunjwa zamani.

Basi, ubeti wa tano
una ndani yake neno:
limenasa penye jino,
halimezeki kooni.

Idi ikikaribia,
mwana viatu alia,
mchanga nikautia
kilo tano, kirobani.

Mizani ikanyamaza,
haijui kuuliza;
uongo nikauuza,
ukafundikwa simuni.

Mnyororo mwaminifu
hulinda, bila ya hofu,
kweli na uongo safu
moja, wala hauoni.

Mwana akavaa Idi
viatu vya ukaidi,
kila hatua shahidi:
chi! chi! kama mchangani.

Usiku nikamwendea
Nahya, kumnong'onea:
"Nifute?" "Huongezea
neno jipya kule chini."

Nikaandika: "Ni tano
za mchanga, kwa mkono
wangu; kateni mavuno
yajayo, nisameheni."

Simu zikalia zote.
Saa saba. Mji wote.
Kesho lazima nipite
mbele yao kisimani.

Bikombo hakunisema;
alikaa, kainama,
akafunga, kwa kupima,
tano zangu kibindoni.

Ubeti ule sifuti,
ukae hapo na cheti;
huu ndio wa kuketi
chini yake, usomeni.

Nane nane ni mizani,
kwa vidole hesabuni;
mkiona chenga ndani,
msifute; ongezeni.