Kodi ya Miezi Kumi na Minne

Saa ya msikiti wetu wa Majengo ilikuwa na ugonjwa wa masika.
Mvua ikishuka kutoka mlimani, mshale mrefu unalewa,
na baba, Twaha Msuya, mfagiaji na mwadhini,
ananituma Moshi mjini, mtaa wa nyuma ya soko,
kwa Bwana Kalderoni, fundi saa.

Alikuja na ngazi yake mwenyewe.
Alivua viatu bila kuambiwa,
akapanda, akafungua kioo, akapuliza
kama anayepoza uji wa mtoto.
Akishuka, baba ananyoosha shilingi,
naye anavikunja vidole vya baba juu ya hela ile ile:
"Weka, Msuya. Mimi ndiye ninayelipa kodi."

Kodi gani? Chumba chake kilikuwa cha Mhindi wa vitambaa.
Tulisema upweke umemgusa kichwa,
tukaendelea kumwita kila masika.

Mpaka Ramadhani ya mwaka wa foleni za unga.
Baba alimshika mkono, akamleta futari.
Mtori, tende mbili kwa kila mtu.
Tulikuwa saba, bakuli sita.
Mama hakusema kitu. Aligeuza kifuniko cha sufuria,
akajimiminia humo, akaketi pembeni.

Kalderoni akaweka kijiko chini.
Muda mrefu alikitazama kile kifuniko.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, alisema.
Mtaa wao wote, mtaa wa Wayahudi,
ulipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe alfajiri moja.
Yeye alivuka milima kwa miguu hadi Berati,
hadi mlango wa mama wa Kiislamu, Hatije,
ambaye hakumwuliza jina. Alimpa jingine: Selimu.

Nyumba ile ilijulikana ni ya watu watano.
Na Wajerumani wakija kupekua
hawakuanza na dari, wala na ghala.
Walianza jikoni. Walihesabu bakuli.

Basi Hatije hakuongeza la sita.
Miezi kumi na minne bakuli lake lilipanda darini,
kwenye majani ya tumbaku, kwa Selimu,
na mwenye nyumba akala kwenye kifuniko.
Kila Ijumaa jioni ulipanda pia mshumaa
ndani ya mtungi, mwanga usifike dirishani.
"Nani alimfundisha?" Kalderoni aliuliza,
kana kwamba mmoja wetu angejua.

Mtori ulipoa. Kaka yangu alikuwa akilia
au alikuwa na mafua, hajawahi kukubali.
Usiku ule adhana ya isha ilichelewa dakika tisa,
na saa haikuwa na kosa.

Alipokufa tulifungua droo zake.
Springi, lenzi, daftari la mistari.
Kila ukurasa mwezi mmoja, kila mwezi alama ya vema.
Nilitafuta wa kumi na nne, nione alipoandika *imekwisha*.
Hakuandika. Aligeuza tu ukurasa.
Mwezi wa mwisho ulikuwa wa mia mbili na sita.

Kaburini hapakuwa na mtu wa lugha yake.
Mchungaji alikohoa. Shehe alitazama viatu.
Baba ndiye aliyesogea,
akavuta mkono wa kanzu, akatazama saa yake,
akainama kidogo kwenye udongo mbichi:

"Saa tisa na robo, Bwana Kalderoni.
Saa tisa na robo kamili."