Mizani ya Ghala

Ardhi ilipotikisika Namkonda
ilikuwa saa nane usiku, Oktoba, ghala limejaa nusu.
Zahanati ilianguka kifudifudi kama mlevi,
mlango ukabaki umesimama peke yake,
umefungwa kwa kufuli.
Hatukucheka. Baadaye tulicheka.

Ghala la ushirika halikudondosha hata bati.
Kwa hiyo walipofika wale wa kujitolea kutoka Mtwara mjini,
Daktari Mchopa, nesi Fidea Chilumba
na vijana wawili wa chuo waliotapika kila kona ya mlima,
mwenyekiti alininyooshea kidole:
funguo anazo huyu.

Tukasukuma magunia ukutani.
Juu ya yale matupu wakalazwa watu:
mzee Nangolo na nyonga yake,
watoto wa Mpelumbe, vumbi la tofali bado kwenye kope.
Maji, ambayo huku juu tunayanunua kwa ndoo,
nesi aliyagawa kwa kikombe:
mikono kwanza, kiu baadaye.

Usiku wa pili Somoe alijifungulia nyuma ya turubai.
"Mizani iko wapi?" akauliza Fidea.
Ya watoto ilikuwa chini ya ukuta.
Wote wakanitazama mimi.

Mizani yangu haijui kitu chini ya kilo tano.
Nikasema: apande mama na mtoto,
kisha mama peke yake, halafu tutoe.
"Kutoa unakujua," mtu akasema gizani.
Sikugeuka. Sauti niliijua.

Kweli, nakujua.
Gunia tupu lina kilo moja; mimi nilitoa mbili.
Unyevu, nilitoa. Mawe yasiyokuwemo, nilitoa.
Na palipobaki,
ncha ya kiatu changu chini ya ukingo wa jukwaa
ilimalizia.
Misimu kumi na mmoja.
Nyumba ile ya bati jekundu, jirani na kisima, ndiyo hiyo.

Somoe akapanda, anatetemeka. Hamsini na nne na nusu.
Akapanda tena, kanga ya mtoto begani
ili tusimpunje wala tusimzidishie.
Hamsini na mbili.
"Una hakika?" Fidea ameshika sindano juu ya taa.
"Dawa inafuata uzito. Ukinidanganya kwenda juu, namuua.
Ukinidanganya kwenda chini, namuua polepole."
Nikaomba turudie.
Tukarudia mara tatu, mimi nimesimama mbali na jukwaa
kama mtu aliyeona nyoka.
Mbili na nusu. Mbili na nusu. Mbili na nusu.
Akaiandika kwenye kiganja, daftari lilikuwa limelowa damu.

Walikaa siku ishirini na tatu.
Mchopa aliondoka na malaria yetu,
vijana waliondoka wanajua kutukana Kimakonde.
Fidea alirudi kila mwezi, na boksi la chanjo mapajani.
Kwenye mkutano tukakubaliana shilingi thelathini kwa kila kilo,
za zahanati,
na mara ya kwanza makato yakaandikwa ubaoni kwa chaki
mahali ambapo hata mimi ningeyasoma.
Fundi kutoka Masasi akagoma kupandisha ukuta bila mkanda wa zege.
Wazee wakanung'unika bei ya nondo.
Akakaa juu ya mfuko wa saruji siku mbili, anakula mihogo,
mpaka nondo zikaja.

Oktoba nyingine. Foleni mpaka barabarani.
Somoe kafika na magunia yake manne
na mtoto mgongoni.
Hakushusha gunia. Alimshusha mtoto,
akamketisha katikati ya jukwaa,
akatoa kadi ya kliniki kifuani, akaifungua.
"Leo asubuhi, kule kwenye zahanati mpya,
huyu alikuwa kilo tisa na nusu," alisema kwa sauti ya kusikika.
"Tuone hapa anakuwa ngapi."

Foleni ikanyamaza.
Mshale ukacheza, ukaenda, ukarudi.
Mtoto aliniangalia, akacheka, ana meno mawili.

Nikavuta mguu nyuma.