Mchagua Mkasi

Sisi husema mchagua jembe si mkulima.
Milojka hajawahi kuisikia methali hiyo.
Yuko Kropa, bondeni, kwenye milima ya Slovenia,
kijiji kilichofua misumari vizazi na vizazi,
na Jumamosi hii ya Machi, theluji bado imegoma
upande wa kivulini wa karakana,
ameweka juu ya meza ya baba yake
bati moja la zinki, unene nusu milimita,
na anachagua.

Mizinga kumi na mmoja ya nyuki inangoja mapaa.
Ya zamani yameoza pembeni,
ukiyabonyeza kwa dole gumba, yanakubali.

Kwanza grenda. Shemeji yake Radoslav kaileta,
kaiacha mlangoni kama mtu anayeacha mbwa mkali:
dakika tatu tu, umemaliza.
Akaiwasha. Cheche zikaruka hadi kwenye kalenda ya mwaka juzi,
paka akapita dirishani bila kuuliza kama liko wazi.
Ukingo ukabaki mweusi, una ndevu za chuma,
zinki imeungua, na palipoungua
kutu itafika kabla ya maua ya tufaha.
Akaizima. Ilichukua muda kunyamaza,
kama wanaume fulani.

Tindo na nyundo, basi, alivyofanya baba,
bati limelala juu ya kipande cha reli:
ta, ta, ta, mstari unakwenda
kama mlevi anayeijua njia ya nyumbani.
Msumeno nao ulilitikisa bati zima, likapiga yowe,
na Milojka, aliyemshikia daktari wa meno taa
kwa miaka ishirini na sita,
aliijua sauti ile. Hapana.

Kuna kile cha kufunga kwenye drili, kinachodonoa.
Hula bati hilali kwa hilali,
hupinda kona bila kulipinda bati.
Alikipenda, kusema kweli.
Lakini hilali zile hung'ang'ania soli ya kiatu,
huingia jikoni,
na mjukuu wake Tinkara ndiyo kwanza anatambaa.

Ukabaki mkasi.

Mkasi wa baba, vipini vyekundu,
rangi imelika pale kidole chake kilipozoea kukaa.
Ameushika tangu ana miaka tisa
na kila mara bati lilipanda juu ya ngumi, likamchana,
na baba, bila ukali wowote, alisema:
mpe kaka yako.
Makovu mawili, mkono wa kushoto. Bado yapo.

Alhamisi, dukani Radovljica,
muuzaji, Bogomir, hakuuliza unene wala mfuko.
Alimtazama anavyotia saini risiti ya misumari.
Mama, akasema, wewe ni wa kijani.
Akaingia stoo, akarudi.
Mwekundu hupinda kushoto, ni wa mkono wa kulia.
Huu ni kinyume chake. Euro kumi na tisa.

Basi. Hakuna zaidi ya hayo.

Sasa anakata. Bati linajikunja mbali na ngumi,
taratibu, kama ganda la chungwa.
Hafungi kinywa cha mkasi hadi mwisho,
kikifunga kinang'ata, kinaacha jino ukingoni.
(Hilo alifundishwa na baba, na baba alikuwa sahihi.)
Mara moja anasimama, anautazama mkono wake
kama mtu aliyerudishiwa pesa
asizokumbuka kukopesha.

Mchagua jembe si mkulima. Sawa.
Lakini lile jembe la kwanza,
nani alilipima mpini, na kwa mkono wa nani?

Kufikia saa kumi ana mapaa tisa.
La kumi halikutosha, bati limeisha,
itabidi arudi dukani Jumatatu.
Anaupaka mafuta mkasi mwekundu,
hautamsaidia kitu,
anautundika kwenye msumari wake.
Anatoka kumtafuta paka.