Ng'umbi

Katika ghala la pareto, Dabaga, hakuna nzi.
Akiingia mmoja huzunguka mara mbili juu ya magunia
kisha huanguka chali.
Hata buibui wamehama.
Basi niambieni, mdudu huyu wa kwenye kompyuta
amepona vipi?

Ni Alhamisi ya malipo. Ukungu umekaa dirishani
kama mtu anayedai.
Wakulima wako kwenye benchi, makoti hadi masikioni,
na mimi, karani, nafungua fomu:
juu, jina la mkulima na namba yake;
chini, ndani yake, fomu ndogo ya magunia;
na pembeni kisanduku kimoja chenye kazi moja tu,
kwenda kwenye jedwali la maabara,
kuuliza sumu ya ua imefika asilimia ngapi,
kurudi na bei.

Hakirudi na bei.
Kinarudi na neno: Jina?

Jina la nani? Nimeliandika.
Nikahesabu mabano, yanayofungua na yanayofunga,
kama mtu anayehesabu kuku jioni.
Nikafuta, nikaandika upya. Jina?
Nikazima, nikawasha, chai ikapoa. Jina?

Saa nne ndipo nikakumbuka
kwamba fomu ndogo ina majina mawili:
lile nililoipa siku nilipoiunda,
na la fremu inamokaa sasa, ndani ya fomu kubwa.
Nilikuwa naiita kwa jina la kwao.
Haigeuki. Imeolewa.
Hapa inaitwa Mizigo;
piga hodi kwa Mizigo kwanza, ndipo umuulize aliyemo.

Nikapiga hodi hivyo.
Bei zikashuka safu nzima,
Kihwele, Mgongolwa, Kikoti, Nyenza,
kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.
Nikapiga meza. Mlinzi akachungulia.

Kisha safu ikasimama.
Ng'umbi, Twilumba. Magunia matatu.
Bei: Kosa.

Aliingia na stakabadhi mkononi,
imekunjwa hadi imekuwa kama kidonge.
"Kamwene."
"Kamwene."
Hakuketi. "Msimu uliopita pia mlisema ni mashine."
Ni kweli. Tulisema ni mashine.

Nikamwomba anitajie jina lake.
Sijui kwa nini; nilikuwa nalo mbele yangu.
Akasema Ng'umbi,
na ile ng' ikapita puani nzima,
haikukatika popote.

Hapo nikauona
ule mkia mdogo unaoning'inia baada ya g.
Kwetu ni sehemu ya sauti.
Kwa mashine ni mlango.
Maneno huanza kwa alama hiyo, huishia kwa alama hiyo;
ilisoma N, ikasoma g, ikakuta mlango,
ikadhani nimemaliza kusema,
na umbi ikabaki nje kwenye baridi, haina maana.
Msimu mzima
ilikuwa ikimtafuta mtu aitwaye Ng.

Dawa yake inachekesha:
alama ile unaiandika mara mbili,
ya kwanza iiambie ya pili, tulia, bado anaongea.
Nikaiandika mara mbili.
Bei ikaja.

Twilumba aliitazama bei, hakutabasamu.
"Na ya msimu uliopita?"

Nikafungua jedwali la zamani.
Alikuwamo Ng'umbi. Alikuwamo Ng'ande,
Ng'ingo wawili, baba na mwana,
na mwingine ambaye benchi lilisema
alishahamia Ifunda, aliacha pareto, anapanda miti.

Nikasogeza kibodi kando.
Nikachukua kalamu na karatasi,
nikaanza kuandika orodha.
Yeye akavuta kiti.