Kitalu cha Chini, Hogoro

Mbeleje alirudi kutoka Kongwa mjini
na mfuko wa urea begani,
akaumwaga wote kitalu cha chini
siku mbili kabla ya mvua ya kwanza.

Nyasi zikaota kijani cha kutisha,
kijani kinachoelekea weusi.
Kondoo wakalia kwenye ua wa miba.
Nikasema: bado.
Akasema: njaa haisomi kalenda.

Tukawafungulia asubuhi.

Jioni mtamba wangu, yule wa mkia mnene,
alihema kama aliyekimbizwa na fisi.
Tulimuwahi kwa kisu. Damu ilitoka ya kahawia,
chai iliyochemshwa mara tatu.
Hatukumla. Wengine wawili
walitupa mimba kabla ya Mwaka Mpya.

Sikumgombeza. Nilishika beleshi,
nikakwangua zizi, samadi ya miaka minne,
kavu, nyepesi, isiyonuka tena,
nikaitandaza kitalu cha juu.
Kisha kungoja,
kazi ambayo Mbeleje hakufundishwa na mtu.

Julai ya pili tukaingiza dume.
Majike walikuwa na mgongo wa kushikika,
mbavu za kutafuta kwa vidole.
Desemba: wanakondoo kumi na tisa,
pacha jozi nne.
Mmoja aligoma kunyonya;
Mbeleje alilala naye ndani ya koti.

Urea bado tunanunua.
Kiganja kimoja kwa hatua, mvua ikishakolea,
halafu lango linafungwa wiki tatu.
Ufunguo wa kufuli nauvaa shingoni,
kamba moja na msalaba.